Majina Uliyonikataza Kuandika

Tata,

Lori la maziwa limeondoka sasa hivi, mikebe nimeiosha na kuipindua juani, na nimejifungia humu stoo ya kituo. Mtu akibisha nitasema napanga mifuko ya dawa za mifugo. Barua hii nikiimaliza nitaichoma, kwa hivyo ni wewe tu utakayeisoma, kama huko mnasoma.

Sikuulizi habari za huko. Nimekuja na zangu, na si nzuri. Nimefanya kosa, na nilipojaribu kulirekebisha nikafanya lingine, na hilo la pili nimekufanyia wewe. Kuna mtu angeweza kuuawa kwa sababu ya kalamu yangu. Bado anaweza. Naogopa, Tata. Naogopa nikikoroga uji, naogopa nikisikia mlango wa jirani ukifungwa, na juzi kanisani niliogopa nyuma ya kichwa changu mwenyewe, nikijua kuna watu wameketi huko wakikiangalia.

Wacha nianze na mambo madogo. Ni miezi mitano, shangazi yangu, tangu tukuzike kule chini kwenye migomba. Ng'ombe wako alizaa ndama jike, mweupe usoni. Yule fundi uliyemlipa kwa maziwa alirudi kweli akamaliza paa. Mimi ndiye karani wa kituo sasa, naketi kwenye kiti chako na sijakizoea, kinanirusha mbele. Mzee Githaiga alichukua uenyekiti wako wa nyumba kumi, kile kikundi chetu cha usalama, na kila mkutano anaanza kwa kusema yeye si wewe, si Wangeci. Kila mtu anakubaliana naye.

Hakuna mtu wa nje angeelewa jinsi ulivyofanya kazi yako. Chifu mwenyewe hakuelewa. Mtu akiwa na neno alikuja kwenye foleni na ndoo yake kama siku zote. Ulitumbukiza kile kipimo cha kioo, ukasoma, na yeye akasema tu, "Pima tena, Wangeci." Ulinung'unika kidogo, ukachukua ndoo ukampeleka nyuma ya stoo eti mkaangalie kama maziwa yameongezwa maji. Huko ndiko ulikoambiwa ng'ombe wa nani amepitishwa njia ya msitu, nyumba gani inapika pombe na dawa ya kuhifadhia maiti, nani ananoa panga na hana shamba. Kisha mlirudi na ukasema kwa sauti, "Iko sawa, haina maji." Waliokuwa kwenye laini walisikia habari za maziwa basi. Kufika saa sita chifu alikuwa amepata habari na hajui imetoka kwa nani. Miaka yote ile hakuna aliyeguswa hata unywele kwa neno alilokuletea.

Mimi nilikuwa pale nikishika ndoo. Ulinifundisha mambo mawili na nilidhani nimeyashika yote. Mbele, kwenye kitabu: "Lita bila jina ni ya nani? Andika jina kwanza." Ulinigonga vidole kwa kalamu, nakumbuka, na nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini. Nyuma ya stoo: "Hapa hakuna kalamu, Wairimu. Hapa ni masikio."

Halafu pale wodini, siku zile za mwisho, ulinivuta kwa mkono uliokuwa na sindano ukanitajia wote waliowahi kukuletea neno. Jina na kisa, jina na kisa. Ukaniambia nirudie. Nikarudia. Ukaniambia tena, mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nalia na ukanikaripia kwamba nimeruka mmoja. "Ujue ni kina nani wa kuangalia nikiwa sipo," ulisema. Nilijiona mrithi. Nilitoka hospitalini nikitembea na vichwa vya watu mfukoni, na badala ya kuogopa nilijivuna.

Sasa sikia nilichofanya.

Baada ya mazishi, chifu alitangaza kwamba serikali inatoa ruzuku ya miradi ya usalama, vikundi vya wananchi viombe. Tuliketi tukaandika tunachotaka. Mulika mwizi moja, ile taa kubwa ya mlingoti, pale njia panda, unajua giza la pale akina mama wakipita na ndoo alfajiri. Redio za mkononi. Makoti ya mvua na viatu vya gambuti vya wanaofanya doria. Mzee Githaiga alitaka taa iwekwe karibu na bucha anayokaa siku nzima, tukamkatalia, akanuna wiki. Mambo ya kawaida. Kisha akaja afisa wa kukagua, msichana mpole, akaketi juu ya mkebe humu humu. Akauliza kikundi kimefanya nini. Nilimweleza habari zako, Tata. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Akasikiza mpaka mwisho, akafunga kalamu.

"Madam, hiyo ni story poa," aliniambia. "Lakini imeandikwa wapi?"

Akasema kuna kikundi cha upande wa Karatina kimeleta faili sanduku zima. Kila kisa, kila mkutano, na ushahidi kwamba wananchi wenyewe ndio walioleta habari. Sisi hatuna hata karatasi moja. Akasema hakuna la kufanya, itabidi aandike kwamba kikundi hakina kazi.

Hakina kazi. Maneno hayo yalinichoma. Wewe uliyekuwa unaamka saa kumi alfajiri, na miguu imevimba, hakina kazi. Nikamwambia anipe wiki moja.

Nilikaa mchana kutwa siku tatu. Nilinunua karatasi nzuri, nikapiga mistari kwa rula kama ulivyonionyesha. Safu ya kwanza tarehe, zile nilizokumbuka na zile nilizokisia. Safu ya pili kisa. Na safu ya tatu, Tata, mkono ulijichorea wenyewe. Miaka tisa nimekaa na kitabu cha maziwa, kando yako. Kila mstari una jina, mstari usio na jina unaniwasha kama upele. Nikaandika "Mwenye habari," nikajaza. Sikusita hata mahali pamoja. Nilikuwa nauangalia mwandiko wangu, jinsi unavyolala sawa. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa: Kazi ya Marehemu Wangeci. Nilitaka serikali ikujue, ndiyo maana. Sikujua kwamba nilikuwa nauza watu.

Mzee Githaiga alitia sahihi nilipomwonyesha. Hakusoma, bila miwani haoni hata sahani yake. Nikapeleka.

Tukapata. Chifu alipiga simu nikiwa hapa kituoni, nikawaambia wamama, wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakashtuka. Wakasema ile mulika mwizi itaitwa kwa jina lako. Siku iliyofuata chifu akatuita ofisini kutueleza utaratibu. Pesa ni za umma, akasema, kwa hivyo kabla hazijatolewa lazima faili liwekwe wazi mezani kwake wiki mbili. Mwananchi yeyote asome, na mwenye pingamizi aseme. Litafunguliwa Alhamisi baada ya baraza.

"Yeyote?" nikauliza.

"Hata wewe, Wairimu," chifu akasema, akacheka.

Nikacheka pia. Na nikiwa bado nacheka ndipo niliikumbuka safu ya tatu. Nilishika meza. Mzee Githaiga akaniuliza kama ni presha.

Kuna mama mmoja. Unamjua, na jina lake sitaliandika tena hata kwenye karatasi ya kuchomwa. Nitamwita yule mama. Mwanawe mkubwa, baba wa mtoto mmoja, alikuwa na rafikiye wakiiba ng'ombe usiku na kuwachinjia katikati ya majani chai. Wazee walikuwa wanakuta kichwa na kwato wanaketi chini wanalia. Watu waliapa kwamba mwizi watakayemkamata hatafika polisi, na petroli ilikuwa imenunuliwa tayari. Asubuhi hiyo yule mama alichelewa kufika kwenye foleni. Alisema "pima tena" na ndoo ikainama, maziwa yakakumwagikia viatu. Kule nyuma aliketi juu ya debe akakuambia ngozi zimefukiwa wapi. "Afadhali afungwe akiwa mzima," alisema. Hakuweza kuinuka tena, tukawaambia watu ni presha imempanda.

Polisi waliwawahi kabla ya wananchi. Kijana akafungwa, na mama yake akawa anamtembelea kila mwezi na chapati kwenye kopo, akirudi macho yamevimba. Kijana alirudi nyumbani wiki chache baada ya mazishi yako. Hafanyi fujo wala halewi, anaongea polepole, na hiyo ndiyo inaniogopesha. Alisema pale bucha, watu wakisikia, kwamba hana kinyongo na polisi, kazi yao ni kushika. Anataka kujua mdomo mmoja tu uliomuuza.

Na Mzee Githaiga, Mungu amrehemu angali hai, akajigamba hapo hapo bucha kwamba faili letu lina kila kitu. Hata mambo ya ng'ombe, akasema bila kulisoma, na aliyetoboa siri.

Jumatano yule kijana ndiye aliyeleta maziwa ya mama yake. Nikatumbukiza kipimo. Akaegemea meza.

"Wairimu, nasikia uko na mwandiko safi," akasema. "Kesho niko kwa chifu na hiyo maneno ya kitambulisho yangu. Baraza ikiisha nitausoma."

Akangoja niandike lita zake. Akasema asante, akaenda. Nilimpimia mtu aliyemfuata mara tatu na bado sikujua nimesoma nini.

Nilikimbia kwa chifu. Nikasema nimekosea tarehe kwenye ukurasa mmoja, anipe niunakili upya. Akasema kurasa zimepigwa muhuri na nambari huko ofisi kubwa, nakala zimebaki huko, na faili limerudi limefungwa mpaka Alhamisi. Ukurasa mmoja ukikosekana kila mtu atauliza ulikuwa na nini. Hapo nilitaka kumwambia ukweli. Lakini karani wake alikuwa kwenye kompyuta, kimya kabisa, na yule karani ni binamu wa mwizi wa pili. Nikakusikia ukisema masikio, Wairimu. Nikafunga mdomo. Chifu akaniambia kilichobaki ni kikundi kujitoa chenyewe na kueleza sababu mbele ya watu.

Nikapitia kwa yule mama. Mwanawe alikuwa anatengeneza lango, misumari mdomoni, akanisalimia kwa kichwa. Nikasema nimekuja kwa ajili ya michango ya akina mama wa kanisa. Yule mama akatokea mlangoni kwa jikoni na mwiko mkononi. Aliniangalia, Tata, na akajua. Niliona uso wake ukijua. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba michango atatoa Jumapili, na kesho atakuja baraza mapema akae mbele.

Nilikuwa na usiku mmoja wa kufikiri na sikupata njia ila moja. Jina lilikuwa pale, na muhuri juu yake. Kulitoa singeweza. Nilichoweza ni kufanya karatasi nzima isiaminike, na hiyo karatasi ilikuwa wewe.

Baraza lilijaa. Chifu alifungua kwa maombi, akasifu kikundi, kisha akaomba watu wasimame dakika moja kwa heshima yako. Walisimama, Tata. Uwanja mzima, kofia mikononi, hata wale watu wa pombe. Nilitamani ungeona na nilitamani usione, kwa sababu nilijua ninachokwenda kufanya wakiketi.

Waliketi. Mimi nikabaki nimesimama.

Nikasema zile kumbukumbu nimezitunga mimi. Nikasema hakuna kisa hata kimoja kilicholetwa na mtu. Majina niliyatoa kwenye kitabu cha maziwa, nikasema, nikayapanga kujaza nafasi ili tupate ruzuku. Chifu alivua kofia yake akaiweka mezani polepole.

"Na Wangeci?" akaniuliza.

Ningesema nini? Ningekuacha wewe uwe mkweli, basi na safu ya tatu ingekuwa ya kweli. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa wazi kabisa, sijui ilitoka wapi: "Wangeci alikuwa karani wa maziwa. Hakuna mtu aliwahi kumletea neno. Polisi walifanya kazi yao, sisi tukampa yeye sifa."

Nimekukana, Tata. Mbele ya watu waliokuwa wamekusimamia dakika moja iliyopita.

Watu walianza kupiga kelele. Kisha yule kijana akasimama na kelele zikashuka zenyewe. Mikono ilikuwa ndani ya jaketi. Mama yake alikuwa mbele, mgongo umenyooka, hakugeuka.

"Na juu yangu," akasema, "uliandika nani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini faili lilikuwa pale mezani na nusu saa baadaye angelisoma. Angekuta jina ambalo nimeogopa kulitaja, na kule kuogopa kwangu kungemwambia yote. Nikasema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Mama yako. Alikuwa wa kwanza kwa laini ya maziwa hiyo siku."

Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ati mama mzazi?" na mtu akacheka. Wakacheka wengine. Mzee mmoja akasema huyu amechanganyikiwa tangu afiwe, hata kudanganya hajui. Kicheko kikazunguka uwanja na nikakishukuru, kila jino lililoonekana nililishukuru. Maana nani ataamini mama anaweza kumtaja mwanawe?

Yule mama aliinuka. Alikuja bila haraka akanipiga kofi ambalo sikio langu linalisikia mpaka leo. Akasema, "Mimi nilibeba huyu mtoto. Wewe umebeba nini?"

Unajua sina mtoto. Yeye pia anajua, ndiye aliyekaa na mimi nilipopoteza yule wa pili.

Mwanawe alikuja akamshika mabega. "Wacha, mama. Wacha huyu," akamwambia, akavua jaketi akamvika, akamfuta uso kwa kiganja. Walitoka uwanjani pamoja. Mikono yake ilikuwa mitupu, niliangalia.

Basi hiyo ndiyo hadithi, na hayo ndiyo yaliyobaki. Ruzuku imeenda kwa wengine. Njia panda bado ni giza na akina mama wanapita wakimulika kwa simu, wameshikana, na wakinifikia hawanisalimii. Naelewa, wanaogopa giza na mimi ndiye niliyelirudisha. Kamati ya ushirika imenipa mpaka mwisho wa mwezi niondoke kituoni. Kuna wanaopeleka maziwa kwa mchuuzi wa pikipiki kuliko nipime mimi. Binti yako alinipigia kutoka Nanyuki. "Umekula kwa mama yangu miaka yote," alisema, "amekukosea nini?" Sikuweza kumwambia. Niliweka simu mezani nikamsikia akilia mpaka ikakatika.

Na kwenye foleni wanakucheka. Wanasema kumbe Wangeci alikuwa anapenda tu kunusa maziwa ya watu. Wale wote uliowasikiza nyuma ya stoo wanacheka pia, Tata, huku wanaangalia chini. Siwalaumu, nao wanaogopa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia neno, na namshukuru Mungu hawakuja.

Yule mama hajaniangalia tangu siku hiyo. Kuna siku naamini kofi lile lilikuwa la mwanawe kuona. Kuna siku najua lilikuwa langu, halali yangu, kwa kuliandika jina lake. Kumwuliza siwezi. Labda sitajua mpaka nife.

Kijana bado analeta maziwa. Jumatatu aliniambia, akiangalia ndoo, "Ati ulitoa tu majina kwa kitabu." Nikasema ndio. "Na alikuwa wa kwanza." Nikasema ndio. "Siku moja utanionyesha hiyo kitabu ya zamani," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeomba kuazimwa jembe.

Nilikwisha kuangalia, siku ile ile ya baraza. Mama yake alikuwa wa mwisho. Umemwandika wa mwisho kwa mkono wako, na tone la maziwa limekauka pembeni. Nikakichoma kitabu, Tata, chote, na viwili vilivyokitangulia ili mtu asiulize kwa nini kimoja. Nitasema panya walikula. Hayo ndiyo yalikuwa maandishi yako yote duniani, kadi ya kliniki tu ndiyo imebaki na hiyo aliandika nesi. Nilichoma ukurasa mmoja mmoja kwa sababu kitabu kizima hakishiki moto. Niliona jina langu humo, ulivyoliandika mwaka ule nilipoleta lita yangu ya kwanza. Nikaliingiza nalo.

Kesho saa nne nimeitwa kituo cha polisi kurekodi statement. Kosa ni kughushi hati ili kupata pesa za umma. Chifu alinong'ona kwamba labda ni faini, labda ni ndani, inategemea hakimu. Naogopa jela kama mtu yeyote, lakini kuna kitu naogopa zaidi. Afisa atanipa kiti na chai, ataongea kwa upole kama wewe, ataniuliza kama kweli marehemu hakuwahi kuambiwa kitu na mtu. Naogopa upole huo. Tangu siku ya baraza sijaongea na mtu habari zako kwa ukweli na kifua kimejaa. Kwa hivyo nimekuja kukimimina hapa kwanza, kesho kiwe kitupu.

Nisamehe, na kama huwezi sitakulaumu. Nitakukana tena kesho, kwa sauti, na wataandika, na nitaweka sahihi. Nitakukana kwa binti yako akija Krismasi. Nitakukana kila nitakapoulizwa, mpaka yule mama afe kwa uzee kitandani kwake, mwanawe amemshika mkono na hajui chochote. Siku hiyo nitashuka pale kwenye migomba nimwambie kila mtu ulikuwa nani.

Nikitangulia mimi, basi, Tata, utabaki karani wa maziwa, na mimi mwongo, na yule mama atazeeka.

Pumzika.

Mtoto wako